Kifurushi Kilichosalimia Wakulima

Chama chetu cha kahawa kina seva yake hapa Miembeni, tunamohifadhi vifurushi vya programu. Kila asubuhi kompyuta za vituo vyetu vya Muleba huchukua toleo lenye namba kubwa kuliko yote na kulisakinisha zenyewe. Mimi nilitaka tu kujua kama kifurushi changu kingefika kweli. Nikaandika programu ya kusalimia kwa adabu zetu zote, nikaipa jina la programu inayoendesha mizani ili ipokelewe, na namba 99 ili nisiipoteze.

Kesho yake karani wa kituo cha Kimwani, huko Muleba, akapiga simu, meneja wetu akaweka spika ofisi nzima isikie.

"Waitu, jamani, mizani haipimi! Inauliza nimeamkaje. Nimejibu salama, ikauliza migomba, ikauliza ng'ombe. Wakulima wamejaa na magunia, na mvua hii hapa!"

"Hao ni wadukuzi," nikasema, kwa uzito wote wa shahada yangu.

"Subirini," akasema karani. "Sasa inauliza kama mama mkwe wa kule Kibeta amepona mguu."

Meneja, aliyenipa ruhusa juzi nikamuuguze mama mkwe wangu, alinigeukia taratibu.

"Enhe, mjibu mwenzako. Amepona?"