Shangazi Alifikiri Bado Tunaonja

Ninaandika hii na mashavu bado inaniwaka, na kama wewe uko Rumonge labda umeshaisikia sokoni, maana hapa kwetu habari inafika nyumbani mbele ya mwenye nayo, lakini wale waliokusimulia hawakuwa wamekaa kwenye kile kiti changu, basi nisikilizeni mimi mwenyewe, mucheke, halafu munihurumie (au muache, nimeshazoea).

Mimi nataka kumuoa Mwajuma. Hiyo si siri, hata mbuzi za mutaa wetu zinajua. Mwajuma ni mutoto wa Kizuka, baba yake alishafariki, na kwao neno la mwisho iko kwa shangazi yake, dada ya baba, mama mumoja anayeuza mawese hapa sokoni, mutu wa bidoni zake za mafuta na kanga zake na macho ambayo hayapepesi. Kabla wazee wetu hawajaenda kuulizia mahari, shangazi alisema anataka kwanza kula na mimi. Si kuongea, kula. "Mutu unamujua kwenye sahani," alimwambia Mwajuma, "mudomo inadanganya, lakini mukono ikishaingia kwenye bugali haidanganyi tena."

Mama yangu aliposikia alifurahi mpaka akafua pazia ya mulango. "Umulete hapa siku ya soko akimaliza kuuza," akasema, "nitasonga bugali, nitachoma samaki ya mukeke, nitapika na majani ya sombe." Kila kitu ilikuwa imepangwa, na mutu mwenye akili angesema ndiyo mama, murakoze, asante sana, akaenda kunyoa nywele. Lakini mimi (nilimaliza sekondari, diploma iko kwenye ukuta, mujue tu) nikajiambia, sasa huyu shangazi nikimukalisha kwenye mukeka wetu karibu na moshi ya jiko ataona kijana wa kawaida, atarudi Kizuka kufikiri, atafikiri mwezi moja, miwili, na mimi siwezi kungoja miezi, mimi hata chai siwezi kungoja ipoe, ulimi wangu ni shahidi. Na wiki ile ile nilikuwa nimeona kwenye simu picha za resto moja mupya kando ya ziwa (jina yake siitaji, tuiite kwa Mapazia Meupe), viti vyeupe, glasi ndefu, milima ya Kongo kule nyuma kama imepangwa na mupiga picha. Nikaamua hapo hapo. Nikamwambia mama, "Shangazi anasema hana muda wa kufika nyumbani, tutakula tu kitu kidogo huko huko."

Kitu kidogo! Mungu alinisikia, akanipa hicho hicho.

Sasa, ili muelewe yaliyofuata, mujue kwanza mawese inauzwa namna gani kwetu. Hakuna mutu anayenunua bidoni kwa macho. Muuzaji anafungua, anamimina kidogo sana kwenye kifuniko ao kwenye kiganja chako, unachovya kidole, unalamba, unasugua kwa vidole uone inatelezaje, halafu unasema "nimekubali, leta", na hapo ndipo bidoni yenyewe inakuja. Kile kidogo cha kwanza hakuna anayekihesabu. Shangazi ameishi hivyo tangu anabebwa mugongoni. Mimi nilijua hiyo. Kujua nilijua, kufikiri ndiyo sikufikiri.

Tukafika, mimi na shati ya pasi, Mwajuma amependeza mpaka nilikuwa naona haya kumutazama, na shangazi moja kwa moja kutoka sokoni, ananukia mawese na jua. Garso, yule kijana wa kuhudumia, akamuvutia kiti kwa heshima, shangazi akakishika kwa mikono miwili: "Unaipeleka wapi, baba, na mimi nataka kukaa?" Mwajuma akacheka, mimi nikacheka kidogo, nikasema moyoni, hii si kitu, itapita.

Wakaleta karatasi ya vyakula, ya Kifaransa, kila chakula jina yake ndefu kama barua ya ofisi ya komini. Nilianza kusoma upande wa bei na nikarudia mara mbili nikifikiri wameongeza sifuri, kwa sababu kwa sahani moja ya pale, kule bandarini wangekuchomea mukeke mpaka uombe musamaha. Lakini pesa nilikuwa nimeiweka tangu zamani kwa ajili ya mambo ya Mwajuma, na hii si mambo ya Mwajuma? Nikaagiza mukeke kwa watu watatu, kwa sauti ya mutu ambaye anakuja pale kila jumapili.

Tukangoja. Shangazi akamaliza Fanta yake, akatazama ziwa, akatazama mulango wa jikoni. "Kwani," akauliza, "wanaanza kuvua sasa?"

Halafu zikaja. Wenzangu, zile sahani! Kubwa, nyeupe, unaweza kuogesha mutoto ndani, na pale katikati, peke yake, kama mutu aliyeachwa na gari, kipande cha mukeke sawa na kidole gumba changu, na hapo kando kitonge cha bugali ambacho mama angekiita makombo, na kuzunguka hiyo yote, matone mekundu ya mawese yamepangwa moja moja kama mutu alikuwa anajifunza kuandika. Na jani moja. Hilo jani sijui kazi yake mpaka leo.

Shangazi akainama, akatazama vizuri. Akasema bismillahi. Akachovya kidole kwenye tone, akalamba, akasugua vidole, akatikisa kichwa. Akachukua kile kipande cha samaki, akakitia mudomoni, akatafuna akitazama juu, sawa kabisa na vile anafanya sokoni. Akameza. Akamwita garso kwa mukono.

"Nimekubali," akasema. "Ni muzuri. Leta."

"Nilete nini, mama?"

"Chakula."

Garso akanitazama mimi. "Ya watu wote watatu?"

"Ya wote," shangazi akajibu, "si tulikuja kula wote?"

Hapo, wenzangu, hapo ndipo mulango ilikuwa wazi na ningeweza kutoka. Neno moja tu: shangazi, hiyo ndiyo ilikuwa chakula. Lakini fikiria wewe unamuambia hivyo mutu ambaye ameuza tangu asubuhi kwenye jua, mutu ambaye ndiye ana Mwajuma wako mukononi! Mwajuma alinifinya chini ya meza, alama iko mpaka leo, mimi nikamuambia garso, "Eego, ndiyo, fanya vile mama anasema."

Zikaja sahani zingine tatu. Kidole gumba, kitonge, matone, jani.

Shangazi akatazama yake, akatazama yangu, akatazama ya Mwajuma. Uso wake ikawa ya mutu mwenye subira sana. "Lakini nilishasema nimekubali," akamuambia garso, pole pole kama anasema na mugonjwa. "Bado tunaonja?" Halafu shangazi akageuka kwenye meza ya nyuma yetu, walikuwa wakubwa wamoja wamekuja kupumzika kutoka Bujumbura, na akawauliza kwa ile sauti yake ya kuita wateja, ambayo inafika mpaka barabarani: "Amahoro, wandugu. Na ninyi bado munaonja?"

Halafu muzee mumoja mwenye kitambi akaweka uma chini na akasema, "Mama, sisi tunaonja tangu saa sita!"

Yampayinka! Kicheko kile! Muke wa yule muzee alikuwa anafuta machozi na kile kitambaa cha meza, garso amegeuka kwenye ukuta mabega yanatikisika, hata mupishi alichungulia. Shangazi peke yake ndiye hakucheka. Nilimuona anaelewa. Macho yake yalitoka kwenye sahani, yakaja kwangu, yakakaa hapo, na yeye ni mama mwenye adabu, akakunja kanga yake vizuri, akala kile kipande cha pili.

Mungefikiri aibu iliishia hapo. Hapana. Hiyo ilikuwa ya kuonja.

Garso akarudi na uso ameupanga upya, akauliza kama alete ingine. Na shangazi akasema, "Hapana, murakoze, mimi nimeshiba."

Munajua wote hiyo neno ni mulango gani. Kwetu mugeni akisema ameshiba, si kwamba ameshiba, anakupa nafasi umulazimishe. Unasema hapana shangazi, kidogo tu, anakataa, unasema haki ya Mungu utanikasirisha, anakataa tena, unarudia mara ya tatu na hapo anasema basi, kwa ajili yako, na anakula vizuri na heshima yake iko salama na yako pia. Mutoto wa miaka sita anajua hiyo. Mimi pia niliijua, na ile neno ilikuwa tayari kwenye ulimi, lakini macho yaliteleza kwenye karatasi ya bei, na ulimi ikalala.

Shangazi akangoja. Akanisaidia hata, akarudia, "Nimeshiba kabisa."

Na mimi nikasema, "Alhamdulillahi."

Mwajuma akageuza uso akatazama ziwa, na hakunitazama tena mpaka tunasimama.

Nililipa (walihesabu hata mukate ambao hatukuuomba), na nilipotoka pale mfukoni nilibaki na funguo ya nyumba peke yake. Tulitembea kwa miguu, mimi mbele kama mutu anayepelekwa polisi, nikifikiri namna gani nitamuambia mama kwamba bukwe, harusi yangu, imekufa kwa samaki. Tulipofika kwenye njia panda, pale ambapo shangazi anapanda gari ya Kizuka, akasimama.

"Kwenu iko mbali?"

"Hapana, shangazi."

"Si vizuri kupita hivi bila kumusalimia mama yako."

Nikaona nimekwisha. Mama alitukuta mulangoni, akafungua mikono. "Yoo, karibu! Huyu aliniambia huna muda!" Shangazi akanitazama. Ningependa ardhi ifunguke kidogo tu, kama kile chakula cha Mapazia Meupe. "Muda umepatikana," shangazi akasema.

Na ndani kulikuwa kunanukia mukeke. Mama alikuwa amepika! Baadaye nilimuuliza kwa nini, akasema ananijua tangu nazaliwa na hajawahi kupanga siku yake kwa maneno yangu. Akaweka sinia kwenye mukeka, bugali imesimama kama mulima, samaki mikia inatoka nje ya sahani, sombe nyeusi kwa mawese. "Karibu tule."

"Hapana, dada yangu," shangazi akasema, "tumetoka kula na mutoto wako. Ametukirimu sana, nimeshiba." Alinifunika hivyo, mbele ya mama yangu, huku tumbo yake (niliisikia, nilikuwa karibu) inasema mambo mengine.

"Kidogo tu," mama akasema.

"Haki nimeshiba."

"Utakula hii, ao nitafikiri wakwe zangu wameniona mubaya mbele hata ya kunijua."

"Dada, usinitese..."

"Tonge moja. Kwa ajili ya hawa watoto."

"Basi," shangazi akasema, "kwa ajili yao," akakunja mukono wa nguo na akala, wenzangu, akala mpaka mama akarudi jikoni kuongeza. Mimi niliponyoosha mukono, mama akaupiga na mwiko: "Wewe si umetoka kula?" Mwajuma akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mapazia Meupe, na nilikubali kulala na njaa kwa kicheko kile (lakini alinipa kichwa cha samaki kwa siri, Mungu amubariki).

Nilimusindikiza shangazi kwenye gari. Sikuweza kungoja, munanijua, nikamuuliza, "Shangazi, sasa jibu ni gani?"

Akapanga kanga yake kwenye kiti. "Mama yako nimemukubali," akasema. "Wewe bado. Siku ya soko nitakuja kula hapa kwenu tena. Na nikisema nimeshiba, nataka nisikie sauti yako."

Ile wiki ilikuwa ndefu. Mahali ninafanya kazi, kwenye duka la misumari na mabati, wateja walikuwa wanaingia na kuuliza kama bado naonja, mumoja alinunua musumari moja akasema anaenda kwanza kuuonja. Nilivumilia. Nyumbani nilikuwa najizoeza, kaka yangu mudogo akisema ameshiba namulazimisha, mpaka mama akasema nitamupasua mutoto tumbo.

Siku ya soko ikafika. Shangazi akaingia na Mwajuma nyuma yake, akavua viatu pale mulangoni, mukeka ulikuwa bado haujatandikwa, sinia bado iko jikoni, hata harufu ilikuwa bado haijafika, na akanitazama mimi machoni na akasema:

"Mimi nimeshiba."

"Haiwezekani, shangazi!" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Haki ya Mungu, kidogo tu!"

"Nimeshiba, mutoto wangu."

"Utaniua, shangazi, tonge moja!"

Mama huko jikoni alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Shangazi alikaa kwenye mukeka pole pole, akanyoosha miguu, akangoja nirudie mara ya tatu, nikarudia, na hapo ndipo akageuka kwa Mwajuma na akasema, "Basi waambie wazee wao waje."

Kwa Mapazia Meupe mimi sirudi tena, hata kwa harusi ya mutu mwingine. Na mukija kwetu, muje na njaa na mujiandae, kwa sababu mukisema mumeshiba, sitawaamini.