Baiskeli ya Mtani

Shangazi yangu hakujua kusoma, lakini alichukia hadithi isiyofikishwa mwisho kuliko alivyochukia mchwa. Na yeye ndiye aliyetufungulia sanduku la vitabu la shule yetu ya Kwihara, kwa njia ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Sanduku lilikuja na lori kutoka mjini Tabora. Halikuwa la hesabu wala sarufi. Lilijaa vitabu vya hadithi, vya kujisomea tu kwa raha, jambo ambalo hatukujua kwamba shule inaruhusu. Mwalimu wetu alichukua kimoja akatusomea. Binti wa mfinyanzi alikwenda kuchimba udongo, ukingo ukaporomoka, akabaki shimoni, na jua linazama. Hapo mwalimu akafunga kitabu, akakirudisha ndani, akatia kufuli.

"Mkaguzi akija avikute vipya," alisema. "Mikono yenu naijua."

Ni kweli tulikula matobolwa darasani, na viazi vile vikaushwe vipi, vidole hunata. Lakini niliumia. Nilikwenda nyumbani nimevimba mashavu. Shangazi, aliyenilea tangu mama yangu afariki, alikuwa akibambua karanga uani. Nikamsimulia yote mpaka pale shimoni.

"Halafu?"

"Basi. Amefunga kufuli."

Akaacha karanga. "Kamwacha mtoto wa watu shimoni? Mzaramo yule?"

Hapo lazima nieleze. Mwalimu wetu alikuwa Mzaramo wa pwani, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka baharini na kupokelewa huko. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako bandani, na ukikasirika, aibu ni yako. Utamkomboa kuku wako kwa kitu atakachotaka mtani, basi.

Kesho yake tukiwa katikati ya hesabu, shangazi akapita mbele ya dirisha akisukuma baiskeli. Ilikuwa ya mwalimu. Aliipenda baiskeli ile, aliipaka mafuta kila Jumamosi, na hakuna mtoto aliyethubutu hata kuigusa kengele. Shangazi aliipiga kengele hiyo mfululizo. Mwalimu akatoka mbio, chaki mkononi, na sisi nyuma yake.

"Mama, unaipeleka wapi?"

"Nimeteka. Komboa, mtumwa wangu."

Nilimwona mwalimu akimeza hasira, kisha utani ukamshinda, akacheka. "Nyinyi Wanyamwezi kazi yenu kubeba tu! Mizigo imekwisha, sasa mnabeba baiskeli?"

"Tulibeba, ndiyo. Tusingebeba, babu yako angevaa makuti. Komboa!"

Mwalimu akaahidi jogoo. Shangazi akakataa. Mwalimu akaongeza kitenge. Shangazi akapiga kengele tena.

"Namtaka yule mtoto," alisema. "Mtoe shimoni, nikisikia kwa masikio yangu."

Ikabidi kufuli lifunguliwe. Shangazi alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yamegusana na kidevu, na mwalimu akasoma mpaka mwisho. Binti alikuwa ameokota kigae, akachonga vidato kwenye udongo ule ule uliomwangukia, akapanda kimoja kimoja. Alipotoka, shangazi alipiga vigelegele, na darasa zima tukamfuata. Mwalimu mwenyewe alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepewa kitu.

Wiki iliyofuata shangazi aliteka kofia yake. Halafu viatu, alivyoviacha mlangoni akienda kuswali. Mwishowe mwalimu akasalimu amri, akautundika ufunguo kwenye msumari, sote tukiuona. Tukaanza kubeba vitabu nyumbani. Kinamama wakibambua karanga, mtoto mmoja anasoma, na wakorofi wa kijiji jirani cha Itetemia waliokuwa wakitupiga mawe wakaja kuazima. Mkaguzi alipokuja alikuta kurasa zina alama za vidole kila mahali. Akauliza vitabu vimefanywaje hivi. Mwalimu akajibu, "Vimesomwa, bwana." Sanduku likabaki kwetu, na baadaye likaongezewa la pili.

Mimi nilikwenda shule ya kati mjini, na likizo moja nikamkuta shangazi hajiwezi. Nilimsomea kila alasiri. Tulikuwa na kitabu cha mzee mmoja anayemtafuta punda wake aliyepotea. Tulimwacha mzee amesimama kando ya mto uliofurika, kwa sababu shangazi alichoka. "Kesho," aliniambia. Kesho yake hakuamka.

Kaburini, mwalimu alikuja kama mtani anavyopaswa. Jeneza lilipokaribia, alijitupa juu ya lundo la udongo, akanyoosha miguu.

"Hazikwi mtu hapa! Huyu kaniibia baiskeli. Mpaka nikombolewe!"

Watu wakacheka na machozi yao, wakaanza kupekua mifuko. Akawatikisia kichwa. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitabu cha punda, akaninyooshea mimi. Sijui nani alimwambia tuliishia wapi.

"Haondoki amemwacha mtu njiani," alisema. "Soma."

Nilisoma. Mzee alivua viatu, akaingia majini, maji yakamfika kifuani. Alipopanda ng'ambo alimkuta punda amekwishavuka siku nyingi, anakula majani mabichi, wala hakuwa na habari kwamba amepotea. Nyuma yangu mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akapokea.

Mwalimu akanyanyuka, akajikung'uta suruali. "Nimekombolewa. Mzikeni mtani wangu."

Jioni nilikirudisha kitabu sandukuni. Jalada lilikuwa na udongo wa kaburi, nami nikashika pindo la khanga nilifute. Mwalimu yule yule aliyetaka vitabu vyake visiguswe akanishika mkono, akaniambia niuache.