Bunduki Inalala Wapi

Mimi nina mdomo, sikatai. Ofisini kwetu Naif, huku ughaibuni kwa Waarabu, tunakofunga mizigo ya kwenda Mombasa na Dar, wapagazi wakisikia nimeanza kusema hukaza kamba haraka haraka nisije nikawageukia. Basi habari za ule mswada ziliponifikia, wa kwanza kupigiwa kelele walikuwa wao.

Mswada wenyewe hata haukuwa mrefu. Kule kwetu, bara ya pwani, wezi wa mifugo huja na silaha, na serikali huwapa baadhi ya wanakijiji bunduki wawe askari wa akiba. Kaka yangu ni mmoja wao. Sasa bungeni walitaka kila bunduki irudishwe kituo cha polisi ikifika jioni, isilale nyumbani. Kituo kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu! Na nyumbani kwa kaka ndiko anakokaa binti yangu wa miaka saba, niliyemwacha ana mitatu nikaja kutafuta. Wezi wakija, kaka awapigie makofi?

Bunge liliwapa wananchi wiki mbili watoe maoni yao. Nikasema, watu wa kwetu hapa Deira tumejaa tele, kazi yetu kulalamika tu. Jumapili nikawaita chumbani kwetu Al Muraqqabat, nikawapikia pilau, nikawagawia namba ya ofisi ya mbunge wetu.

"Yalla, simu mkononi," nikawaambia. "Kila mtu amwambie mheshimiwa aukatae huo mswada. Leo, si kesho."

Wakala, wakatuma, wakaniombea dua, wakaenda zao. Nikajiona mwanasiasa.

Siku ya pili majibu yakaanza kuingia, yote namna moja: ombi lako la basari ya karo limepokelewa, tafadhali subiri. Basari! Nikawafuata mmoja mmoja wanionyeshe walichotuma. Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu wa kwetu hajui kumwandikia mbunge bila kumwomba kitu. Kila mmoja alianza na salamu, akampa pole ya msiba wa mwaka jana, akaomba karo ya mpwa wake na tangi la maji la msikiti, na mswada ukaja mwisho kabisa, baada ya "na pia". Mmoja aliusahau moja kwa moja. Na mimi mwenyewe? Ujumbe wangu ulianza na barabara.

Nikabadilisha mtindo. Kila mtu aandike karatasi yake, jambo moja tu, na mimi nitazipiga chapa ofisini nizitume bungeni kwenyewe. Wakaniletea, Mungu awabariki. Mmoja tu ndiye aliyebaki, naye ni mwenzangu wa chumba, dada wa kijiji cha jirani na chetu, mlinzi wa hoteli. Yeye hulala kitanda cha chini, mimi cha juu. Miaka minne tunakula sahani moja.

"Hata wewe, shoga? Kikaratasi tu?"

"Nitaandika."

Siku tatu nzima ni nitaandika, nitaandika. Siku ya mwisho ya kutoa maoni, asubuhi, hasira zikanipanda. Nikamwambia yeye anapulizwa na kiyoyozi huku mwanangu anangoja kuuawa na wezi, na kwamba roho yake ni kavu. Niliyasema hayo kwa sauti, na nayajutia mpaka leo.

Alikuwa anapiga pasi sare yake. Akaizima pasi, akaisimamisha.

"Baba yangu alikuwa askari wa akiba," akasema. "Bunduki aliiegemeza nyuma ya mtungi wa maji. Mdogo wangu akaenda kuchota maji ya kunywa, akaiangusha, ikafyatuka. Alikuwa na umri kama wa binti yako."

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hakuniambia.

"Ungenisikia saa ngapi? Ulikuwa unaongea wewe."

Akatoa karatasi mfukoni mwa sare, imekunjwa mpaka imechakaa. Alikuwa ameiandika tangu siku ile ile niliyoomba karatasi, akaogopa kunipa. Aliomba mswada upite, bunduki zilale kituoni.

Nikaenda nayo ofisini. Nikazipiga chapa za wenzangu zote, na yangu. Ya kwake nikaitia kwenye droo, pamoja na gundi na vibandiko vya mizigo. Nikajiambia baba yake alikuwa mzembe, kaka yangu si mtu wa hivyo. Kisha, ili roho itulie tu, nikampigia kaka.

"Hiyo bunduki ukirudi nayo jioni inalala wapi?"

Akacheka. "Dadangu, ondoa wasiwasi. Iko chini ya kitanda cha mwanao. Mwizi hawezi kupafikiria hapo."

"Ina risasi?"

"Sasa isiyo na risasi nitaifanyia nini?"

Binti yangu akamnyang'anya simu. Alikuwa na furaha, sauti juu kama yangu. "Mama, mimi siogopi wezi! Nikiogopa naingiza mkono chini, naishika ya mjomba."

Nikamwambia anirudishie mjomba wake, nikamlazimisha kaka aende akatoe risasi saa ile ile huku nasikia, asiikate simu. Nilizisikia zikianguka mezani. Akaniuliza, na wezi wakija?

Nikafungua droo. Karatasi yangu nikaichana. Ya kwake nikaipiga chapa neno kwa neno, nikaitia mbele ya zote, na chini ya jina lake nikaandika langu.