Mtetemo Katika Usukani wa Baba

Nyumbani kwetu kuna watu wawili wanaoota ndoto macho wazi, na mimi ndiye niliyeachiwa kazi ya kuwaamsha. Wa kwanza ni mume wangu, fundi wa magari, ambaye akilala chali chini ya gari huwezi kujua kama anafanya kazi au amepitiwa na usingizi. Wa pili ni baba yangu mzazi. Huyo mji mzima unamwita Dereva, na hata marehemu mama alimwita hivyo hivyo, jikoni na chumbani, mpaka nikawa msichana mkubwa nikidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Baba hakuanza na usukani. Alianza na ndoo ya maji na kitambaa, akiosha magari ya watu waliokuja kuchimba visima, na kila alipomaliza kufuta kioo cha mbele alikaa kidogo kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, akaenda anakokujua yeye. Siku moja dereva wao aliugua. Wakubwa wakatazamana, na baba akasema njia ya mlimani anaijua. Hakuwahi kuipita hata kwa miguu, ila kichwani alikuwa ameshaipanda na kuishuka mara nyingi mno, basi akaenda, akarudi, na gari halikuwa na mkwaruzo. Visima vilipokwisha wale watu wakaondoka, wakamwachia gari lililochoka kuliko yote, lile refu linalosukumwa na magurudumu yote manne.

Tangu hapo akawa mtu wa kupandisha watu kwenye vijiji vya juu, ambako njia ni mawe matupu na basi halithubutu. Amepandisha walimu, mabati, mitungi ya gesi, bibi harusi aliyetapika safari nzima. Ameshusha wagonjwa na kuwarudisha wazima. Njia yenyewe aliisema kama mtu wa ukoo: leo imeamka vibaya, leo imekubali salamu. Jioni alikaa kibarazani na kuinua mikono mbele ya kifua, akakata kona zake moja moja hewani, taratibu, macho yako mbali. Mama alikuwa akimpita na beseni la vyombo na kumwomba apige honi.

Basi msimu wa mvua uliopita akagonga jiwe. Abiria walishuka salama, yeye pia salama, lakini gari lilirudi nyumbani kwa kujikokota. Kile chuma kirefu kinachoshikanisha magurudumu mawili ya mbele ili yaelekee pamoja, mafundi wanakiita tairodi, kilikuwa kimepinda katikati, na kila gurudumu lilitazama upande wake kama macho ya mwenye makengeza. Baba aliliegesha chini ya bati la gereji ya mume wangu, hatua chache tu kutoka mlango wetu wa jikoni, akaeleza kwa utulivu kwamba lile jiwe ni la siku zote na anafahamiana nalo. Usukani ndio uliomsaliti. Ulikuwa unatetemeka tangu kabla ya jiwe, akasema, na fundi atafute chanzo.

Mume wangu hutafuta kwa kiganja. Hulala chini, mimi hukaa juu nikizungusha usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, na yeye hushika kila kiungio na kufumba macho. Mwanga hupenya kwenye matundu ya bati na kumdondokea kifuani, vumbi linaelea, na mtu unaweza kusahau kwamba una sufuria jikoni. Nimewahi kuunguza vyakula vingi kwa ajili ya ndoa hii.

Ile tairodi iliyopinda hakutaka kuinyosha. Alisema chuma kilichokwisha kupinda kimejifunza njia. Akatafuta bomba la chuma nene zaidi, akaenda kwa mchonga vyuma ncha zake zikachongwa ziingie nati, akafunga viungio vipya pande zote mbili na kuvijaza grisi. Kazi nzuri, hata mimi nisiyepaka mafuta wanaume ovyo nilisema ni kazi nzuri. Baba akalichukua gari kulijaribu. Akarudi, akashuka polepole, akasema bado linatetemeka.

Mume wangu akaongeza shokamzoba ndogo, ile inayolazwa ubavu kumeza mitikisiko ya usukani. Bado. Akafungua sanduku la gia za usukani, akaliosha, akalikaza. Bado. Akabadilisha mipira yote iliyolika, akasawazisha matairi. Kila mara baba alikwenda na kurudi na neno lile lile, na kila mara mume wangu aliitikia, ndiyo baba, nitaangalia tena. Watu wa mlimani walianza kuja kuuliza lini watapandishwa. Walikaa kwenye benchi la gereji na mizigo yao, wakatazama zile nyayo nne zikitokeza chini ya gari, mbili za mume wangu na mbili za baba aliyekwenda kulala naye huko chini kumwonyesha pa kushika, halafu wakaondoka.

Mimi sina moyo huo wa subira. Nilimwambia mume wangu kwamba kama gari limemshinda aseme limemshinda, kuliko kuwaacha watu wajionee wenyewe kwamba hata la baba mkwe wake hawezi. Akaendelea kufuta spana ambayo ilishafutwa.

Asubuhi iliyofuata nikachukua ufunguo mwenyewe. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye gari lile lile, nikiwa mtoto nimekalia mapaja yake ili nione nje. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na barabara ya vumbi ilitokea kipande kidogo tu mbele yangu, kisha kingine, kana kwamba inatengenezwa nikifika. Nikaongeza mwendo, nikisubiri mtetemo. Hakuna. Nikapita kwenye mawe, nikapita kwenye mfereji. Mwisho nikaachia usukani kabisa, mikono mapajani, na gari likaenda lenyewe katika ule weupe, limenyooka kama uzi. Ilikuwa raha kiasi kwamba nilicheka peke yangu. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Nilimkuta mume wangu anapiga mswaki. Nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu tairodi," akasema.

"Na ukakaa kimya?"

"Yule ni baba mkwe wangu. Akirudi kujaribu gari ananitazama usoni kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Nikaona afadhali nikaze nati nyingine."

Hasira yote niliyokuwa nimeiandaa ikakosa mwenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, wahenga walishamaliza, ila hawakusema nani atamfunga paka kengele. Ilibidi niwe mimi. Kule juu kuna kona isiyo na ukingo, chini yake ni korongo, na huyu mzee alikuwa anangoja tu gari lipone awapakie watu.

Nikaomba kwenda naye kulijaribu. Akafurahi, akanipangusia kiti. Alianza vizuri, mwendo wake ule wa kubembeleza, tukavuka mashamba, tukafika inapoanza miinuko, na hapo usukani ukaanza kutikisika. Nikatazama mikono yake. Mikono ilitangulia, usukani ukafuata. Aliibana mpaka mifupa ya vidole ikawa myeupe, na ndivyo ilivyozidi. Nilitamani kuishika nikaogopa. Akasimamisha gari chini ya mlima, akazima injini. Ukungu ulikuwa unapita mbele ya kioo bila haraka.

"Umeona," akasema. "Bado."

"Baba, gari limepona."

Hakunigeukia. Nikasikia injini inapoa, vyuma vikilialia kimoja kimoja.

"Najua, mwanangu," akasema mwishowe. "Mwambie mumeo atafute kitu kingine cha kutengeneza. Hata kidogo."

Nilimpenda wakati ule kuliko siku zote za maisha yangu, na ningeweza kabisa kusema sawa. Kidogo niseme. Maneno yaliyotoka yaliniuma mimi kwanza.

"Nyuma hukaa watoto wa watu, Baba."

Akafuta usukani kwa kiganja, duara zima, kama anavyofuta uso wa mtoto. Kisha akafungua mlango wake, akashuka, akazunguka mbele ya gari huku mkono wake umelala juu ya boneti, na mimi nikasogea kwenye kiti chake kilichokuwa bado na joto.

Tukapanda. Aliniongoza njia nzima kwa sauti ya chini: kulia kidogo, usimkanyagie mafuta, mwache apande mwenyewe. Kwenye ile kona alifumba macho na mikono yake ikainuka mapajani, ikaikata pamoja nami. Niliona kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu nilikuwa naendesha.

Juu, watu walisikia gari wakatoka majumbani mbio. Wakaja kama kawaida upande wa dereva na mikono ya salamu imenyooshwa, wakanikuta mimi, wakasita. Baba hakushuka. Nikadhani analia, nikakaza shingo nisimgeukie. Kumbe alikuwa anapapasa mlango, anausukuma kwa bega na haufunguki. Miaka yote hiyo hakuwahi hata mara moja kukaa upande ule. Mlango ule ulilegea bawaba zamani sana, na sisi abiria wote tulijua namna yake, ila hapakuwahi kuwa na haja ya kumwambia.

Mama mmoja mwenye kapu alizunguka, akainama dirishani.

"Unaunyanyua kwanza, Dereva," akamwambia, "halafu ndiyo unasukuma."

Baba akaunyanyua, akasukuma, akashuka.