Mate ya Mama Njeri

Nilipokuwa mtoto, kwetu nje kidogo ya Kitengela mtu hakusifu mtoto mchanga bila kumtemea mate kidogo. Kwetu Wamaasai mate ni baraka. Sifa kavu ina jicho baya, humdhuru mtoto. Mama Njeri, jirani aliyetoka Thika akanunua ploti kando ya boma letu, hakuyajua hayo. Alikuja kununua maziwa, akamtazama ndugu yangu Lemayian, akasema huyu mtoto amenona, akaenda zake.

Kesho yake Lemayian alichemka. Alikataa kunyonya, na mama alipombeba alilia kuliko alipolazwa. Shingo ilikakamaa, ikavutika nyuma. Baba alitaka kumpeleka hospitali. Koko, nyanya yetu, alikataa katakata: dawa ya jicho ni mate ya mwenye jicho. Baba, aliyebishana hata na chifu, alimtii mama yake.

Nikatumwa mimi. Nilimkuta Mama Njeri kibandani kwake akikatakata sukuma wiki, wateja wamemzunguka, nikamwambia kama nilivyoagizwa: aje aondoe alichomfanyia mtoto wetu. Wateja waligeuka kumtazama. Alifuta kisu, akanifuata.

Alimtemea mtoto kifuani mbele ya wanawake wote wa boma. Kisha akamgeukia Koko.

"Nimetema. Mkitaka niteme mpaka jioni, nitatema. Lakini huyu mtoto ako mgonjwa sana. Mpelekeni hospitali."

Sisi tukangoja mate yafanye kazi. Alasiri Lemayian akashikwa na degedege, na hapo baba hakuomba tena ruhusa ya mtu.

Daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo, yakatoka na ukungu. Alisema ni homa ya uti wa mgongo, ile ya bakteria. Ya virusi mara nyingi hupoa yenyewe, hii haingoji. Lemayian alichomwa antibiotiki kwenye mshipa, sindano baada ya sindano, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe. Alipona, lakini masikio yake hayakusikia tena.

Mama aliuliza mtoto aliitoa wapi. Daktari akasema bakteria hao hukaa puani na kooni mwa watu wazima kabisa, wasioumwa popote, na hupita kwa kikohozi na kwa mate. Mama akainama. Tangu Lemayian azaliwe, nyumba nzima ilikuwa imemtemea baraka. Kabla hajaugua, ni Mama Njeri peke yake aliyekuwa hajamtemea.

Hakuna aliyekwenda kumwomba msamaha. Koko alikufa akisema mate yalichelewa tu.

Mwaka jana nilijifungua. Binti yangu amechanjwa chanjo zote, na mgeni nikimwona na mafua namwambia amsalimu mtoto kutoka mbali. Mama Njeri alikuja na kikapu cha ndizi, mzee sasa. Alisimama mlangoni, akageuza uso pembeni, akatema chini kabla ya kumwangalia mtoto.

"Nimeshatema, mwanangu," akasema. "Naweza kumwona?"

Nilimwekea mtoto mikononi. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hakuwa na deni kwetu, sisi ndio tulikuwa nalo. Nilishikwa na aibu, nikaenda kuchemsha chai.