Mwalimu Komba na Somo la Damu

Mwalimu Walburga Komba alikuwa amezoea kuchekwa kwa jina lake. Kila mwaka, akifika kwenye mada ya chanzo cha viumbe, kidato cha nne walianza kukonyezana, na mmoja alinong'ona kwamba ukoo wa madamu unajulikana, bado uko mitini unalia usiku. Naye alicheka pamoja nao, kisha akaendelea kuandika ubaoni. Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha baiolojia katika sekondari ya kata pale Lituhi, na kila Jumamosi aliwafundisha watoto wanaojiandaa kwa kipaimara katika kanisa la kigango. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo mawili yanakaaje katika kichwa kimoja.

Katika mada hiyo kulikuwa na mfano mmoja aliouruka kila mwaka: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliuruka tangu alipomzika binti yake Glorious, aliyekufa kwa ugonjwa huo akiwa na miaka minane. Mwaka huu mwanafunzi wake Restituta alinyoosha mkono.

"Madamu, ukurasa huu hatujausoma. Kama ugonjwa huu unaua watoto, kwa nini haukuisha tangu zamani?"

Walburga aliweka chaki chini. Kiingereza cha kitabu alikiacha kando, akaeleza kwa Kiswahili ili waelewe wote. Anayerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu haumwi, tena malaria haimuui kirahisi. Kwa hiyo huku kando ya ziwa, kwenye mbu wa mwaka mzima, watu wa namna hiyo walipona utotoni wakakua na kuzaa, na kinasaba kikazidi kuenea. Wawili kati yao wakioana, kila mtoto wanayemzaa anaweza kukirithi kwa pande zote mbili.

"Huyo ndiye anayekufa," alisema. "Kama Glorious wangu."

Jina lilimtoka kabla hajalizuia. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Jumapili ilipofika, somo lilikuwa limeshapita majumbani na kurudi na sura nyingine. Ilisemekana Mwalimu Komba anafundisha kwamba tumetokana na nyani, na kwamba Mungu huwaua watoto wengine ili wengine wapone. Halmashauri ya kigango ikamwita. Mwenyekiti, Mzee Adrian, alikuwa mpole. Siku ya msiba wa Glorious alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Mwanangu, ulisema hivyo?"

"Nilisema kilichomo kwenye mtaala, Mzee. La Mungu kuua sikulisema."

"Lakini ndivyo inavyosikika. Maandiko yanasema aliumba, akaona kuwa ni vyema. Wewe unasema kifo kilikuwepo tangu mwanzo, tena ndicho kilichotuchagua. Watoto wa kipaimara tuwaambie nini?"

Swali hilo lilikuwa la Walburga mwenyewe. Watoto wa kipaimara wakakabidhiwa kwa Mama Jacqueline, muumini mwenzake, mpaka mambo yatulie.

Alikwenda kwa Padri Nazari. Padri alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia kwamba Kanisa halimkatazi mtu kuamini kuwa mwili wa binadamu ulipita njia ndefu hadi kuwa ulivyo, mradi asisahau kwamba roho hutoka kwa Mungu, na kwamba Yeye ndiye asili ya vyote.

"Hayo nayajua, Padri. Tulifundishwa chuoni. Nauliza habari ya mtoto wangu. Ikiwa hii ndiyo njia aliyoichagua kutuumba, Glorious alikuwa nani katika njia hiyo?"

Padri alivua miwani, akakaa nayo mkononi. "Sina jibu, mwalimu. Nikikupa moja hapa, nitakuwa nakudanganya."

Aliondoka na uzito ule ule aliokuja nao, ila angalau hakuwa amedanganywa.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki, na huyo ndiye ambaye Walburga alimwogopa. Baba yake, Pankras, alikuwa katekista kwa miaka thelathini, na sasa alilima mihogo kijijini Kihagara. Miaka minne nyuma, wakiwa bado hawajaanua matanga, alimwita binti yake pembeni akamwambia, "Kifo kiliingia kwa dhambi. Kama kuna lolote kati yako na mumeo Joakim, liungame." Hakukuwa na lolote. Lakini neno hilo lilikaa kifuani kwa Walburga kama mwiba wa samaki kooni.

Alimkuta akimenya mihogo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimeyasikia ya huko." Hakuinua macho. "Nyani, Walburga? Mimi nikufundishe katekisimu, wewe uje uwafundishe watu nyani?"

Walburga alikaa kwenye mkeka, akachukua kisu cha pili. "Baba, mlizaliwa wangapi?"

"Saba. Unajua."

"Na mliokua?"

"Mimi na shangazi yako Ottilia. Wengine homa iliwamaliza wakiwa wadogo. Mimi hata ilipokuja haikunilaza siku mbili."

Basi akamweleza taratibu, kama alivyowaeleza wanafunzi. Hospitali ilikuwa imeshampima yeye Walburga, na anacho kinasaba hicho. Mama yake alipimwa kabla hajafariki, hana. Kwa hiyo amekipata kwa baba, na Joakim amekipata kwao. Hakuna aliyetenda dhambi.

Mzee alimenya muhogo ule hata ukabaki mwembamba kama kidole.

"Kwa hiyo kilichoniponya mimi," alisema mwishowe, "ndicho kilichomuua mjukuu wangu."

"Ndiyo, Baba."

"Na Mungu alikuwa wapi?"

"Sijui."

Alilia kwa sauti, mzee yule, na Walburga hakuwa amewahi kumwona akilia. Kisha akasema, "Lile neno nililokwambia kwenye msiba. Nisamehe. La nyani silikubali mpaka nakufa, lakini lile nisamehe." Walburga alisamehe, au alisema amesamehe, ingawa alijua ingechukua muda. Mwiba ulitoka, na kidonda kilibaki.

Kigangoni hawakumrudisha kwa watoto wa kipaimara. Ila baada ya Pasaka Padri Nazari alimwomba azungumze na wachumba kuhusu kupima damu kabla ya ndoa, na halmashauri ikakubali bila ubishi, kwa sababu hiyo, walisema, ni habari ya afya. Maelezo yalikuwa yale yale ya darasani. Walburga alitaka kukataa kwa uchungu, kisha akawafikiria watoto ambao hawajazaliwa, akaenda.

Walikuwa jozi tano kwenye mabenchi ya mbele. Alipomaliza kuchora ubaoni, mchumba mmoja aitwaye Winifrida, aliyekuwa ameushika mkono wa mwenzake tangu mwanzo, aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sisi wote wawili tumeshapima, tunacho. Tufanyeje?"

Walburga alivuta kiti, akakaa mbele yao, akaanza kuwaeleza habari za Glorious.