Akaunti ya Mama Kicheko

Idara ya Maji inawatangazia wananchi wote kwamba tovuti yake imekaguliwa, na kuanzia leo kila taarifa itaandikwa na mtumishi aliye hai, anayetambulika na aliyeidhinishwa. Idara inawashukuru wananchi kwa uvumilivu wao, ambao haikuwa imewaomba.

Maneno "aliye hai" yaliingizwa kwa sababu ya mke wa fundi wa tovuti. Alikuwa karani wa matangazo, ofisi nzima ikimwita Mama Kicheko, na alifariki mwaka juzi. Akaunti yake haikufariki. Ndiyo pekee iliyokuwa na ruhusa ya kuchapisha, kwani mumewe alipoiunda tovuti alimkabidhi yeye funguo zote ili asisumbuliwe. Nenosiri lake lilijulikana hadi kwa mlinzi wa getini. Basi maji yakikatika, marehemu ndiye aliyetangaza. Kila asubuhi fundi alikuta kitone cha kijani kando ya jina la mkewe: yuko mtandaoni. Alijua fika ni katibu muhtasi. Mwili ulimsisimka vilevile.

Siku ya ukaguzi kitone hakikuwaka. Jedwali la watumiaji, lenye mstari mmoja kwa kila akaunti, lilikuwa limeharibika, hakuna aliyeweza kuingia. Fundi akaliamuru lijirekebishe, nalo likajibu kwa adabu kwamba mistari yote ingeokoka isipokuwa mmoja. Wa mkewe. Je, ufutwe?

"Shemeji, bado tu?" Katibu muhtasi alichungulia mlangoni. "Bosi anafoka huko, utadhani yeye ndiye aliyeharibika."

"Kuna mmoja haokoki."

"Nani?" Alipomtazama usoni, sauti ikashuka. "Pole. Lakini si una nakala ya akiba? Mrudishe."

"Nikimrudisha, kesho nitamwona tena."

"Kwani sisi hatumwoni? Mimi nikikosea herufi, namsikia anacheka."

Fundi akampigia simu binti yake.

"Baba, mwache Mama apumzike," binti akasema. "Alipokuwa hai hata likizo hamkumpa."

Akabonyeza "ndiyo". Mstari ukafutika bila kelele, kama mtu anayeondoka kikaoni asitake kusumbua. Fundi akawafungulia wenzake akaunti za kuchapisha, kila mtu na yake, kisha akaenda kunawa uso. Kwenye kioo cha msalani hakutazama nyuma ya bega lake.

Aliporudi alimkuta mkurugenzi amekalia kiti chake, jasho linamtiririka.

"Fundi, hii akaunti yako mpya inanidai nenosiri lenye herufi kubwa, namba na alama. Alama ya nini, mimi mganga? Waandishi wa habari wanasubiri tangazo la ukaguzi. Nirudishie ya mama."

"Mzee, si mmeagiza marehemu waondolewe?"

"Wataondolewa. Fanya haraka."

Fundi akaifungua nakala ya akiba. Vidole vyake vilikwenda kwa wepesi uliomwaibisha.

Tangazo lilitoka kabla ya chakula cha mchana. Chini yake, kwa herufi ndogo, mwandishi ni Mama Kicheko.